Zamu ya kufagia si adhabu: tuongee maisha ya shule ya msingi kabla hatujaajiri wafagiaji

Ringi ya Mwembeni (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu. Yuko darasa la tatu, shule ya serikali. Ajenda ya uji tuliimaliza haraka. Iliyotukalisha hadi saa nane mchana ni hoja ya mzazi mmoja kwamba wanafunzi waache kabisa kufagia na kudeki, kila mzazi achangie kidogo kila mwezi, na shule iajiri wafagiaji wawili. Makofi yalipigwa. Mimi nilinyoosha mkono, nikasema dakika mbili, nikakaa, na yaliyokuwa yamenijaa yakabaki moyoni. Uamuzi umeahirishwa hadi kikao kijacho. Nimeona nije kuyaandika hapa, kwa sababu humu kuna walimu, kuna wazazi, na kuna watu waliosoma kila pembe ya nchi hii.

Nilisoma Muheza, Tanga. Niliingia darasa la kwanza mwaka 1989. Wa umri wangu mnakumbuka tulivyoandikishwa: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukifikia sikio la upande wa pili unaandikwa. Mara ya kwanza vidole vyangu viliishia juu ya sikio. Mwalimu akamwambia mama anirudishe mwakani. Nililia njia nzima. Nasema hivi mjue kwamba shule kwetu ilikuwa kitu cha kutamaniwa.

Asubuhi unatoka na kidumu cha maji na ufagio wa chelewa. Chelewa tulizichonga wenyewe kwenye makuti, na ufagio wako unaujua hata ukichanganywa na mia. Getini pana kiranja wa zamu na daftari, anagawa namba kwa kadiri mnavyofika. Kuna watoto walikuwa wanaamka alfajiri, umande bado mzito, kwa ajili ya namba moja tu. Namba moja haikuwa na zawadi yoyote. Unasimama nayo asubuhi ile, wenzako wanajua umewahi, basi.

Halafu kazi. Kila darasa lina eneo lake, na maeneo yanabadilishwa kila Ijumaa mstarini. La kwanza na la pili waliokota majani ya mwembe na makaratasi. La tatu na la nne walifagia uwanja. Wakubwa walikuwa na ofisi, bustani na vyoo. Ukimaliza kufagia uwanja mnaanza kurudi kinyumenyume ili nyayo zenu zisiharibu mistari ya fagio. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hilo. Tuliiga kwa waliotutangulia, na waliokuja nyuma yetu wakaiga kwetu.

Kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, inagongwa kwa kipande cha nondo. Mpiga kengele alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, na saa hana. Anachungulia saa ya ukutani kupitia dirisha la ofisi. Kijiji kizima kilimtegemea yule mtoto. Mama yangu alikuwa akisikia kengele ya saa nne anajua ni muda wa kubandika maharage. Siku moja mpiga kengele aliugua, aliyeshika zamu akagonga mapema, na watu wakatoka shambani kabla ya wakati.

Kisha mstari. Wafupi mbele, warefu nyuma, unanyoosha mkono hadi begani kwa mwenzako kupima nafasi. Bendera inapanda, tunaimba wimbo wa Taifa, viranja wanapita kukagua kucha, meno na kola ya shati. Matangazo. Halafu ngoma ya bendi inaanza na mnaingia madarasani mkipiga hatua kwa pamoja, la saba wakiwa wa mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilipokuwa la tano, zamu ya vyoo ilikuwa zamu kama zamu nyingine. Kaka mkuu alishika mfagio wa vyoo wiki ile ile alipochaguliwa, tukamwona wote. Hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata akahamia kwetu mwalimu mwenye utaratibu mwingine: vyoo vikawa vya wachelewaji na wapiga kelele. Jina lako likiandikwa na monita, unaosha choo. Haikupita miezi miwili, hakuna mtoto aliyekuwa tayari kugusa ndoo ya chooni bila kusukumwa. Waliopangiwa zamu ya kawaida walianza kujificha, kwa sababu ukionekana na mfagio ule watu wanauliza, "Umefanya nini?"

Swali hilo ndilo lililoua kila kitu. Awali mtoto mwenye fagio alikuwa mwenye shule. Baadaye akawa mkosaji.

Mwanangu juzi nilimwambia aokote ganda la ndizi alilodondosha mlangoni, akaniuliza kwani amekosa nini. Ana miaka tisa. Sikulala vizuri.

Kwa hiyo naomba tujadili. Mimi nasema kazi ibaki kwa watoto, ila irudishwe kwenye zamu na itoke kwenye adhabu. Mlisoma wapi, kwenu ilikuwaje, na leo hali ikoje?

---

Mama Wawili

Mleta uzi, umeandika kwa uchungu na nimekusoma hadi mwisho. Lakini mimi ni mmoja wa wale wangepiga makofi, na nitakuambia kwa nini.

Nilisoma Dodoma vijijini, kwenye ukame. Kidumu unachokisifia kiliniondoa darasani. Lita tano kutoka kisimani, kilomita nyingi, na maji hayaendi kwenye bustani ya shule. Yanaenda nyumbani kwa mwalimu. Kuni vivyo hivyo. Wavulana walitumwa pia, sikatai, lakini ndani ya nyumba za walimu, kuosha vyombo na kufua, tulikuwa wasichana peke yetu. Hesabu za sehemu nilizielewa nikiwa mtu mzima, kwa sababu kipindi chake kiliangukia saa za maji.

Na vyoo tuvitaje kama vilivyo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaosha choo cha shimo kinachotumiwa na mamia ya watu, bila glovu, bila sabuni, maji nusu ndoo. Binti aliyevunja ungo hana hata pa kujisitiri, halafu tunamwambia anajifunza kujitegemea? Mtu mzima anayelipwa, mwenye buti na dawa ya kusafishia, ataifanya vizuri zaidi. Simuonei mtoto huruma ya kijinga. Naogopa kuhara na kipindupindu.

---

Chaki Nyeupe

Nawasalimu wote. Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliingia kazini mwaka 1976, kundi ambalo watu walituita walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo wa kutosha. Tukachukuliwa tuliomaliza darasa la saba, tukawa tunafundisha huku tunafundishwa kwa miaka mitatu: masomo kwa posta, vipindi vya redio, na mratibu anayepita. Nimekuwa mwalimu mkuu katika shule tatu. Nitasema niliyoyaona.

Binti yangu Mama Wawili, unachokieleza ni kweli na ni dhambi yetu walimu. Tulikula jasho la watoto. Lakini tusichanganye. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, aligusa jambo hili hili la kikao chenu. Alishangaa shule, hasa za sekondari, kuajiri wafagiaji na watunza bustani kufanya kazi ambayo vijana wale wale wangekuwa makwao wangeifanya. Watu wengi wanalikumbuka hilo. Wanachosahau ni sehemu ya pili: alitaka wanafunzi washiriki kuamua, waone mahesabu ya shamba lao, wajue mazao yamekwenda wapi. Tuliichukua jembe tukaiacha daftari ya mahesabu. Shamba la shule likawa la mwalimu mkuu, na mtoto akawa kibarua asiyelipwa. Hapo ndipo kipindi cha EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, kilipoharibika katika shule nyingi nilizopita.

Shule yangu ya pili, Kilosa, tulijaribu kufanya kinyume. Tulikuwa na ekari mbili za mahindi. Baada ya kuvuna, gunia zilihesabiwa mstarini mbele ya wote, na darasa la saba wakaandika ubaoni: hizi za uji, hizi za kuuza. Fedha za mauzo watoto walizigawa wenyewe kwa kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Mwaka wa kwanza walichagua mpira na nyavu za goli. Nilitamani wachague vitabu. Nikanyamaza. Mwaka uliofuata walikuja shambani bila kuitwa.

Kuhusu adhabu, wazazi wengi hawazijui kanuni. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu kusimama getini na fimbo akichapa kila anayechelewa ni kuvunja kanuni. Ninyi ni wazazi, kiombeni hicho kitabu kwenye kikao.

---

Mtu wa Unguja

Assalaam aleikum. Shikamoo Mwalimu Chaki Nyeupe.

Niingie kidogo kwa upande wetu. Huku tunasema skuli, na mtoto ana zamu mbili za kusoma kwa siku: skuli na chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Ukisoma skuli asubuhi, mchana uko chuoni na juzuu yako kwapani. Sheikh Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, kwa hiyo bibi zetu wanaihesabu Septemba kama mwezi wa skuli.

Chuoni ndiko nilikojifunza kufagia. Mwalimu wetu alikuwa mzee sana. Alikuwa anafagia mwenyewe kibaraza kabla hatujafika. Tukaona haya. Siku moja wakubwa wetu wakawahi kabla yake, akakuta pasafi, akakaa, akatusomea dua. Tangu siku hiyo tukawa tunashindana kumtangulia. Hakutuamrisha hata mara moja.

Mwisho wa wiki wasichana wanacheza nage, wavulana mpira wa vitambaa. Bara mnaiita rede, siyo? Nimekumbuka vumbi la pale na ushungi mweupe ukirudi nyumbani rangi ya udongo, mama anahamaki.

---

Mama Wawili

Ndiyo, rede, kaka yangu. Na chupa ya kujaza mchanga katikati. Nilikuwa sipigwi mpira kirahisi.

Mwalimu, huruma yako nimeipokea, na shikamoo. Hilo la mahesabu mstarini sikuwahi kuliona maishani. Ningeliona, pengine kidumu changu kingekuwa chepesi.

---

Mwalimu wa Zamu

Mimi ndiye niliyepo kazini sasa, mwaka wa sita, darasa la kwanza na la pili, nje kidogo ya Mwanza. Mwalimu Chaki Nyeupe, shikamoo.

Wakubwa, mjue hali ilivyobadilika. Tangu michango ya lazima iondolewe Januari 2016, watoto wamefurika. Ni jambo jema, wamo watoto ambao wasingekanyaga shule. Darasani kwangu wapo 118. Tunaingia kwa awamu mbili, asubuhi na mchana. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Nikiwahesabu tu majina, robo imekwisha. Sasa mstari mrefu wa zamani, na bendi, na ukaguzi wa kucha, nauweka wapi? Awamu ya mchana wanafika sisi tunatoa wa asubuhi. Bendera imeshapanda. Wale watoto wa mchana hawajawahi kuimba wimbo wa Taifa bendera ikipanda, wanauimba darasani wamekaa watatu watatu kwenye dawati.

Nilichofanya ni kidogo. Nimewagawa makundi kumi na mawili, kila kundi lina jina la mnyama walilochagua. Kila kundi lina kazi ya wiki: kufuta ubao, kugawa vitabu, kuhesabu vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia na kuvirudisha kwenye kopo, kumwagilia miche mitatu ya mipapai, kumpokea mgeni mlangoni, kuwaangalia wenzao wasiokuja na kuniambia nani hayupo. Hili la mwisho limenisaidia kuliko rejista. Mtoto wa kundi la Twiga aliniambia, "Mwalimu, mwenzetu haji kwa sababu hana shati." Rejista ingeniambia hayupo tu.

Wanaogopa jambo moja: kunyang'anywa zamu. Mtoto akigombana na mwenzake simpi kazi ya kufagia. Namwambia wiki hii apumzike kazi. Wanalia kweli kweli. Sikulipanga hilo, nililigundua kwa bahati siku nimechoka.

Vyoo vya shule yetu vinaoshwa na mama mmoja anayelipwa na kamati ya shule. Watoto wanajaza maji ya kunawa na kuweka sabuni. Kwa mikono 118 nisingethubutu kufanya vingine.

---

Ringi ya Mwembeni (mleta uzi)

Nimesoma michango yote mara mbili. Mwalimu wa Zamu, hiyo ya kunyang'anywa zamu nimeisoma kwa sauti, mke wangu akaniambia nirudie.

Mama Wawili, umenigusa na nakiri. Mimi nilikuwa mvulana, kwenye kijiji chenye maji, na mwalimu mkuu wetu hakuwahi kututuma nyumbani kwake. Dada yangu aliyesoma shule ya jirani nimempigia jana usiku. Kaniambia alipalilia shamba la mwalimu wa darasa miaka mitatu. Hakuwahi kunisimulia. Kwa hiyo kwenye kikao kijacho sitasimama kutetea "kama tulivyosoma sisi". Nitapendekeza haya: vyoo vioshwe na mtu mzima mwenye vifaa, hapo mchango wangu nitautoa, madarasa, uwanja na bustani vibaki kwa watoto kwa zamu ya wiki, wavulana na wasichana sawa, asiwepo mtoto wa kutumwa nyumbani kwa mwalimu, na kazi yoyote ya zamu isitumike kama adhabu. Nitaomba pia miche ya matunda, na mavuno yake yahesabiwe mstarini.

Nina wasiwasi na kitu kimoja. Shule yetu ina kengele ya umeme, imewekwa na mfadhili, ukikatika umeme mlinzi anapuliza filimbi. Nimepata ringi ya Fuso kwa fundi wa magari hapa mtaani, kanipa bure nilipomweleza ni ya nini. Nataka kuipeleka. Ila watoto hawa hawajawahi kuigonga. Mwalimu Chaki Nyeupe, kulikuwa na milio tofauti, mmoja wa kuingia, mwingine wa kutoka, na ule wa hatari. Mimi nilikuwa msikilizaji tu. Ilikuwaje?

---

Kijana wa 2001

Wakubwa shikamooni. Mimi niliingia shule mwaka 2001, miaka ile Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) unaanza na ada imefutwa. Darasa la kwanza tulikuwa na watoto wa miaka saba na wengine wana kumi na tatu, wote kwenye benchi moja. Wale wakubwa ndio waliotufundisha kufunga kamba za viatu na kutengeneza mfagio. Mmoja alikuwa ananibebea kidumu. Tulicheza chandimu pamoja, ananipa pasi kwa makusudi nifunge. Yeye ndiye aliyekuwa monita na hakuwahi kuandika jina langu, ingawa nilikuwa napiga kelele. Yuko wapi sasa sijui. Nimemkumbuka sana kwa uzi huu.

---

Chaki Nyeupe

Marahaba wanangu wote.

Mleta uzi, kila shule ilikuwa na yake, nitakupa ya kwangu. Ya kuamsha shule: moja moja, polepole, kama mara kumi, ili mtoto aliye mbali ajue bado ana muda wa kukimbia. Ya mstari: mbili mbili, unaacha pumzi katikati. Ya kubadilisha kipindi: moja tu, nzito. Ya mapumziko ya saa nne: mfululizo, mkono unachoka ndiyo unaacha, watoto wenyewe watamalizia kwa kelele. Ya hatari, moto au nyoka, ni ya haraka haraka bila kuacha, na hiyo usiruhusu hata siku moja igongwe kwa majaribio bila kuwatangazia wazazi.

Ringi ifungwe kwa mnyororo, usitumie kamba. Kamba huoza kwa mvua, na ile ya Fuso ikimwangukia mtoto ni msiba. Iwe juu ya kichwa cha mwalimu mrefu lakini nondo iifikie. Usiitundike karibu na dirisha la darasa la kwanza, watashtuka.

Na mpiga kengele msimpe mtoto anayeongoza mtihani. Nilimpa mara moja binti aliyekuwa haongei kabisa darasani, wa darasa la tano, mkoa wa Morogoro. Wiki ya kwanza aligonga kwa woga, haisikiki hata ofisini. Wiki ya tatu walituletea salamu kutoka ng'ambo ya mto kwamba wanaisikia.

---

Ringi ya Mwembeni (mleta uzi)

Asante sana Mwalimu. Mnyororo nanunua kesho.